Senti za zamani za Afrika Mashariki: alumini, shaba au chuma?

Mkusanyaji_Tanga: Wakuu, nimemwaga kopo zima mezani. Kuna senti moja ya alumini ya 1908, senti kumi za tundu, na shilingi zetu za juzijuzi. Kwa hela ndogo ya kila siku, madini gani yalifaa zaidi?

Mwana_Sonara: Alumini itoe. Waingereza walianza nayo 1907, wakaona wamepata kitu chepesi cha bei nafuu. Joto na unyevu wa huku vikaila. Kufika 1909 senti na nusu senti zimeshahamia shaba iliyochanganywa na nikeli. Hiyo yako kama bado ina sura, usiisugue!

Ndururu: Shaba ya tundu, sioni mjadala. Shilingi ilipoingia 1921, senti tano na senti kumi zilikuja hivyo. Bibi yangu hakuwa na pochi. Alizitunga kwenye uzi akafunga kiunoni. Hata gizani kidole kinakwambia hii si shilingi. Na lile tundu ni shaba iliyookolewa. Babu yeye alizipigilia kwenye mabati badala ya washa za misumari, ndiyo maana hatukurithi kitu.

Binti_Tabora: Msiwaruke Wajerumani. Neno "hela" lenyewe limetokana na heller yao, na hela kumi ya 1908 ilikuwa na tundu pia. Vita ilipowabana, 1916 wakapiga hela tano na ishirini palepale Tabora, nyingine kwa maganda ya risasi. Hapo huchagui madini, unapiga kilichopo. Zimekaa kombokombo lakini nazipenda kuliko zote.

Mkusanyaji_Tanga: Sasa kama tundu ni zuri hivyo, mbona Kenya waliliacha 1966?

Ndururu: Sura ya Mzee Kenyatta ungeitoboa wapi?

Zaituni_K: 😂 Ila mnaongea kwa mapenzi tu. Shaba ikipanda bei, senti inalipa zaidi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kuliko dukani. Chukueni shilingi moja ya Tanzania ya 1966 na ya 1987, mzisogezee sumaku. Ya kwanza inatulia. Ya pili inarukia, maana ndani ni chuma kilichovishwa nikeli.

Mwana_Sonara: Na likikwaruzika hilo vazi, kutu.

Mkusanyaji_Tanga: Nimejaribu, imerukia kweli. Halafu Ndururu, senti kumi yangu moja ina alama ya nyundo pembeni ya tundu. Babu yako aliezeka Tanga?