Tanga–Dar: ndege au basi, ipi inakuwahisha kweli?

Kijana wa Ngamiani: Wakuu kwema? Jumatatu saa nne asubuhi nina intavyuu Posta, katikati ya Dar, shemeji ananambia panda ndege, mama mkubwa anasema ndege ya nini na mabasi ya alfajiri yamejaa pale stendi ya Kange. Nimepima kwenye ramani, mstari ulionyooka ni kama kilomita 195 ila barabara karibu 350, mbona gepu kubwa hivyo?

Usukani: Kwa sababu barabara inaanza kukupeleka magharibi, Muheza, Hale hadi Segera, hapo ndo unakata kushoto Kabuku, Mkata, Wami mpaka Chalinze halafu unarudi tena mashariki kuifuata Dar. Masaa matano hadi sita hivi. Basi mwisho kilomita 80 kwa saa, vijijini 50 na tochi za trafiki zipo, ongeza na kusimama kuchimba dawa. Utoke saa kumi na moja alfajiri ufike stendi ya Mbezi saa nne au saa tano, na Mbezi sio Posta mdogo wangu.

Binti Raskazone: Ndo maana nasema ndege. Uwanja uko hapo hapo mjini, hewani nusu saa na kitu.

Mzee wa Kabuku: Hiyo nusu saa ni kama inaenda moja kwa moja, nyingi zinapitia Unguja, nyingine zinaanza na Pemba, shuka panda shuka panda. Na ni vile vindege vya propela moja abiria kumi na kitu, mzigo kilo 15, wanataka begi laini, usiende na sanduku gumu na ndoo ya dagaa. Ukitua Terminal 1 pale uwanja wa Dar bado una foleni ya Nyerere Road.

Binti Raskazone: Hata hivyo haifiki masaa sita babu 😂

Mzee wa Kabuku: Haifiki, kweli. Ila mtu wa intavyuu hashindani na masaa, anashindana na saa nne. Ndege ya kwanza ikitua saa tatu na nusu imemsaidia nini? Aende Jumapili kwa basi, hela ya ndege anunue kiatu.

Kijana wa Ngamiani: Shikamoo babu, umeniua hapo kwenye kiatu. Basi Jumapili naondoka, nitalala kwa shangazi Bunju.

Usukani: Bunju!! Ungesema mapema. Usifike Chalinze kabisa, shuka Msata udandie gari za Bagamoyo, lami tupu kilomita 64, ukitoka Bagamoyo kuja Dar, Bunju iko njiani tu. Kilomita zinapungua, na umekwepa malori ya Chalinze–Mlandizi na foleni ya Kibaha. Jumatatu sasa toka kwa shangazi saa kumi na moja, ikifika kumi na mbili hiyo Tegeta mpaka Mwenge haisogei.

Binti Raskazone: Na shangazi mwambie leo, sio unampigia uko Msata.