Prado 1KZ inatoa moshi wa bluu na turbo imelowa oili: ninunue nyingine?

Panda_Kabale:
Wakuu, naomba ushauri. Gari ni Prado KZJ95, injini 1KZ-TE, gia za mkono. Ikisimama kwenye foleni inanguruma bila kukanyagwa dakika kadhaa, ukikanyaga tu inamwaga moshi wa bluu. Ikishachanganya barabarani moshi unapungua. Oili inashuka karibu lita moja kila kilomita 1,000. Mpira unaotoka turbo (feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa ndani ya injini) umelowa kwa ndani, na chini ya turbo kuna oili inayodondoka. Nguvu bado ipo. Makanika anataka ninunue turbo ya mtumba Kisekka, soko la vipuri Kampala. Nianzie wapi?

Spana17:
Usinunue kitu bado. Kama nguvu ipo na husikii mlio wa kukwaruza, huenda turbo ni nzima na kosa liko kwingine.

Wengi wanadhani ndani ya turbo kuna sili ya mpira kama ya krenki. Hakuna. Kuna pete nyembamba za chuma, na kinachozuia oili zaidi ni presha ya hewa upande mmoja na ya moshi upande wa pili. Oili inaingia kwa presha kupitia bomba jembamba la juu, lakini inatoka chini kwa uzito wake tu. Ikizuiwa kushuka, inajaa katikati na kupenya kwenye pete. Ukifunga turbo mpya hapo nayo itavuja siku hiyo hiyo.

Kwanza pima oili kwenye kijiti, gari likiwa mahali tambarare. Ikizidi alama ya juu, punguza. Kisha toa filta ya hewa. Kwa vumbi la murram la kiangazi, filta huziba, turbo inavuta hewa kwa nguvu na kuinyonya oili yake yenyewe.

Halafu injini ikiwa moto, inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Kama inapuliza kwa mapigo hadi kifuniko ulichokilaza juu ya tundu kinarukaruka, ringi za pistoni zimechoka au mpira wa kupumulia umeziba. Chomoa mpira huo unaotoka kwenye kava ya valvu kwenda bomba la hewa, upulize, uoshe kwa mafuta ya taa.

Dizeli_Masaka:
Mimi ningeweka oili nzito, 20W-50, moshi utapungua.

Spana17:
Hapana ssebo (bwana). Oili nzito inachelewa kufika kwenye turbo asubuhi, na kushuka kwenye bomba la chini inashuka polepole zaidi. Baki na 15W-40 ya dizeli.

NyundoKatwe:
Naongezea jinsi ya kujua oili inatoka turbo au injini, maana moshi wa bluu ni ule ule. Fungua bomba la eksozi linaloungana na turbo, kisha ing'oe turbo kwenye manifoldi (mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda). Matundu ya manifoldi yakiwa makavu, yana masizi tu, na upande wa turbo unaotoa moshi umelowa, ni turbo. Matundu yakiwa yamelowa, oili inatoka kwenye silinda: ringi, au sili za valvu. Hapo turbo haina hatia.

Turbo ikishatoka, shika shafti (mhimili wa feni yake). Kuchezacheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida, kwa sababu inaelea juu ya oili. Kwenda mbele na nyuma usihisi kitu mkononi. Zungusha feni ya turbo huku ukiisukuma pembeni: ikigusa nyumba yake, au ncha zake zina alama za kukwaruzwa, katriji (kiini cha turbo chenye shafti na feni) imekwisha.

Moshi mweupe wenye harufu tamu, na maji ya rejeta yanapungua, ni habari nyingine. Hedi za 1KZ zinajulikana kwa kupasuka.

Bodaboda_Diesel:
Kabla ya yote, usilipeleke safari ndefu likiwa hivyo. Oili ikijaa kwenye intakula (kipozea hewa kati ya turbo na injini), injini ya dizeli inaweza kuichoma kama mafuta na kupanda mizunguko yenyewe, hata ukizima swichi haizimiki. Ikitokea, kanyaga breki kabisa, weka gia ya tano, achia klachi ghafla izimike. Njia nyingine ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao. Usitumie mkono wala kitambaa.

Panda_Kabale:
Nimekagua. Oili iko sawa, filta safi, kifuniko hakirukiruki. Manifoldi ni kavu, eksozi imelowa. Shafti haiendi mbele wala nyuma, feni haigusi. Ila bomba la oili la chini lilifungwa kwa silikoni nyekundu badala ya gasketi, na kipande kimening'inia ndani kimeziba kama nusu ya tundu.

NyundoKatwe:
Umeshampata mwizi. Silikoni marufuku kwenye flanji (maungio ya mabomba) za oili za turbo, juu na chini. Iliyobanwa inajikunja ndani, na ikikatika kwenye bomba la juu inainyima beringi oili.

Kwangua yote, osha mabomba yote mawili, uyapulize mpaka uone mwanga. Bomba la juu likiwa na oili iliyoungua na kuwa makaa, badilisha. Nunua gasketi mpya za chuma. Toa intakula, ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa. Weka oili mpya na filta mpya. Andaa lita 7 hivi, uongeze kidogo kidogo ukipima kwa kijiti.

Kabla ya kufunga bomba la juu, mimina oili safi kwenye tundu la turbo huku ukizungusha feni kwa kidole. Kisha chomoa soketi ya solenoidi ya kukata dizeli kwenye pampu, piga staata sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Rudisha soketi, washa, iache ingurume dakika 5 bila kukanyaga, ukiangalia viungo kwa tochi.

Panda_Kabale:
Moshi utaisha papo hapo?

Spana17:
Hapana. Oili iliyobaki kwenye eksozi itaungua kwanza, hivyo tegemea moshi kwa kilomita 30 hivi. Moshi ukiendelea baada ya hapo, badilisha katriji iliyokwisha kusawazishwa kwenye mashine. Usichukue kit ya pete ufunge mwenyewe, kwa sababu shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.