Tupeane uzoefu: wewe ni mjamaa, bepari, au unajisemea tu?

Muuza Unga:
Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu anasoma sayansi ya siasa chuo. Juzi kapita dukani kwangu, kaniuliza, "Mjomba, kiitikadi uko mrengo gani?" Nikamjibu niko mrengo wa kuuza unga. Tukacheka, ila swali likanikaa kichwani.

Usiku nafunga hesabu, naangalia daftari la madeni. Kuna bibi hapa jirani namdai elfu kumi na nne tangu Februari, na bado akija nampimia mchele. Hapo mjamaa mtupu. Kesho yake kaja mtu wa ushuru, tumebishana mpaka mate yamenikauka. Hapo bepari.

Nimekulia enzi za duka la kaya, foleni ya sabuni naijua. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983 ulimkuta mzee ana madumu mawili ya mafuta ya kula uvunguni. Mhujumu gani? Alikuwa na watoto saba! Akayafukia usiku nyuma ya choo, mimi nimeshika kibatari. Tangu hapo serikali ikisema inataka kufanya biashara, nacheka. Lakini shule ya msingi nimesoma bila ada, kwa hiyo ukiniambia elimu na hospitali ziachiwe soko, tutagombana. Mpwa anasema huo ni ujamaa wa kidemokrasia. Sawa. Nyie je?

Mwana Nachingwea:
Bibi yangu alihamishwa 1974, Operesheni Vijiji. Nyumba mpya huku, mikorosho yake kule. Kila msimu alikuwa anatoka alfajiri kwa miguu kwenda kuokota korosho zake mwenyewe kama mwizi. Mimi ni mliberali kwa sababu yake: mali ya mtu isiguswe. Ajabu ni kwamba yeye mpaka anakufa alikuwa anamlilia Mwalimu, na Azimio la Arusha usimguse nalo.

Kiroboto:
Itikadi yangu ni bei ya sukari. Nimemaliza.

Dada wa Uchagani:
Kaka zangu wote watatu wanajiita wanamageuzi, 1992 vyama vingi vinarudi walikuwa mstari wa mbele. Baba alipofariki tukakaa kugawana kihamba, yaani shamba la ukoo, nikaambiwa, "Wewe una kwa mumeo." Sina mume! Nikawatolea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayompa mwanamke haki sawa na mwanamume. Mkubwa akasema hiyo sheria, hii ni mila. Tangu siku hiyo mtu akijiita mwanamageuzi, namuuliza kwanza dada zake walirithi nini.

Muuza Unga:
Dada, hilo la kihamba limeniuma, maana kwetu pia tuligawana hivyohivyo na mimi nilinyamaza. Mama wa huyu mpwa hakupata kitu. Pengine ndiyo maana leo kapita tena, kachukua soda mbili, kaniambia, "Mjomba, andika kwenye daftari," na nimeshindwa kuandika.