Mgahawa wa Kiitaliano: chakula kizuri, bei poa, huduma inakera. Niseme au ninyamaze?

Mama Zuhura

Wanajamvi, habari za jioni. Naombeni ushauri.

Karibu na nyumbani kuna mgahawa mdogo wa Kiitaliano. Bei zake mtu wa kawaida anazimudu, na mpishi anaijua kazi: tambi hazirojeki, mchuzi wa nyanya una ladha ya nyanya. Shida ni huduma. Juzi nilikwenda na mume wangu na mama mkwe. Tulikaa weee bila hata menyu, mhudumu anatupita macho chini. Sahani ya mama ikatangulia kuja. Mama hakugusa uma, anatusubiri sisi. Mimi naiona karbonara yangu, spageti za yai na jibini, pale kwenye kaunta ya jikoni, mvuke unaisha, hakuna wa kuichukua. Ilipofika, spageti zimeshikana donge moja na yai limekauka pembeni ya sahani. Nikasema imepoa. Mhudumu akajibu, "Ndivyo ilivyotoka," akaenda zake.

Kinachoniuma ni kwamba mpishi alikitoa chakula kizuri kikaharibikia njiani. Nimwone mwenye mgahawa, au kwa bei ile nivumilie? Na bakshishi niendelee kuacha?

Mzee wa Kazi

Dada, pole. Ila bei ikishuka, kuna mahali mwenye mali amebana, na mara nyingi anabana kwenye idadi ya wahudumu. Huyo mliyemwona huenda alikuwa na ukumbi mzima peke yake. Nenda siku ambayo hakuna watu wengi.

Nilibeba Sahani

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo sikubaliani. Nimehudumu kwenye migahawa ya aina hii. Kuna vyakula vinavyovumilia kusubiri, tambi hazimo. Zikishachanganywa na mchuzi zinaendelea kunyonya, na wanga wake unazigandisha. Karbonara ndiyo haisubiri kabisa. Ile ya asili haina krimu: ni yai, jibini, nyama ya nguruwe iliyokaangwa na maji kidogo yaliyochemshia tambi, na ulaini wake wote unategemea joto la tambi zenyewe. Ikipoa inakaza, ukiirudisha motoni yai linakatika. Kwa hiyo kuitoa kaunta hadi mezani ni sehemu ya kuipika.

Sahani kutofika pamoja nako kuna sababu yake. Tambi kavu huchemka kama dakika 8 hadi 12, risoto, yaani wali wa Kiitaliano, inataka kama dakika 20 za kukoroga, na pizza ya mtindo wa Napoli kwenye tanuri la kuni hutoka kwa sekunde 60 hadi 90. Oda ikiingia jikoni bila mtu wa kuipangia muda, kila kitu kinatoka kivyake. Hilo ni la mwenye mgahawa, maana ndiye anayepanga watu.

Dada, ukiagiza sema kabisa: "Tunaomba zije pamoja." Sahani ikija imepoa, irudishe kabla hujaila, kwa upole lakini usikubali jibu la "ndivyo ilivyotoka". Na mwenye mgahawa mwone, ila si saa za msongamano. Nenda kabla wateja hawajaanza kuingia, umweleze ulichokiona kwa macho: sahani imekaa kaunta, hakuna mchukuaji. Ukimwambia tu "huduma mbaya" atamgombeza kijana na mambo yatabaki palepale.

Binti Jikoni

Kuhusu bakshishi, uliza kama inagawanywa mpaka jikoni. Kama inafika, mimi ningeacha kwa ajili ya mpishi. Kama ni ya mhudumu peke yake, huwiwi kitu kwa jibu lile. Huko Italia kwenyewe migahawa mingi huandika coperto kwenye bili, malipo ya meza na mkate kwa kila mtu, na asiyeacha bakshishi hakuna anayemshangaa. Kwa hiyo usijione mchoyo.

Mama Zuhura

Asanteni sana. Mzee wa Kazi, nimekuelewa kuhusu kijana kuzidiwa, na nitalitaja hilo ili lawama zisimwangukie yeye. Lakini mama mkwe alikula chakula kilichopoa kwa sababu ya kutuheshimu, na hilo siwezi kulipima kwa bei. Nitamwona mwenye mgahawa mapema, kabla hawajafungua jiko. Nataka pia kumwomba nimsalimie mpishi, ajue kuna watu wanakiona anachokifanya. Mrejesho nitauleta hapa hapa.