Meza ya Sikukuu: sahani, mapambo na yaliyotukuta. Tupeane uzoefu

Mama Nyumba, Kampala
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Krismasi hii wakwe wanakuja kwangu, watu 14, na ya mwaka jana bado hayajanitoka. Nilishuka Kikuubo nikanunua dazeni ya sahani bapa, nyeupe pee, ukingo wa dhahabu. Mezani zilipendeza kweli. Yakaja matoke, ukaja wali, viazi, chapati, na mchuzi wa karanga juu yake. Mjomba aliponyanyuka na sahani yake kutafuta kiti, mchuzi ulimtangulia ukamshukia kwenye kanzu. Nyeupe! Hakusema neno, na hapo ndipo aliponiumiza. Nyie vyombo mnachaguaje? Na mapambo?

Mama Pacha, Bombo
Pole dada. Ulinunua sahani kabla ya kupanga chakula. Huku kwetu nani anakula kitu kimoja? Mtu anapakua kila kilichopikwa, halafu ndiyo mchuzi. Sahani bapa ni ya kipande cha nyama na viazi vitatu. Tafuta yenye kina, ukingo umeinuka, upana wa inchi 10 hivi. Dukani zipange tatu nne uone kama zinakaliana, maana zisizokaliana hujaza kabati na huvunjika upesi. Kisha igonge kwa kucha: nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti butu. Muuzaji atanuna, mwache anune.

Ukipika luwombo, ule mchuzi unaopikwa ndani ya jani la mgomba, hesabu upya. Jani la mgomba mgeni analifungua mwenyewe mbele yake, na ndani mna mchuzi. Mimi kila mtu humpa bakuli la luwombo peke yake, matoke kwenye sahani pembeni. Jani usilitoe jikoni ukadhani unasafisha meza. Ule mvuke ukitoka, nani atatazama maua ya plastiki?

Mapambo yangu ni kawa za Kinubi za rangi rangi alizosuka mama mkwe. Zinafunika chakula, nzi wanabaki nje, meza imeshapambwa.

Kijana wa Ntinda
Mimi nakodi. Hesabuni vyombo mbele ya aliyevileta, vikija na vikirudi. Mwaka juzi nililipia uma 6 ambazo sikuwahi kuziona.

Hajati, Kibuli
Krismasi si yangu, ila Idd naalika majirani wa dini zote. Mkeka chini, sinia katikati, watu wanne wanne. Sinia 6 zinatosha watu 24, na vya kuosha ni vichache. Mwaka mmoja alikuja bibi wa jirani, magoti yanamsumbua, akabaki amesimama mlangoni akitabasamu tu. Tangu siku hiyo naweka meza ndogo na viti viwili kwenye kona, kabla mtu hajaomba.

Pesa kidogo uliyonayo nunua birika na beseni nzuri. Mtoto akizunguka kunawisha wageni, hicho ndicho chombo chako cha kwanza wanachokiona. Na sahani za melamini wapeni watoto, lakini msipashe chakula ndani yake kwenye maikrowevu.

Mpenda Maua, Entebbe
Mimi nilijidai na lubugo. Nilitandika kipande kirefu katikati ya meza, ile rangi yake ya kahawia iliyoiva pamoja na sahani nyeupe, jamani! Ni gome la mti wa mutuba linalopigwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike kama kitambaa. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu. Nikajiona nimemaliza. Babu mmoja wa Masaka akakaa, akalipapasa, akauliza taratibu, “Tumefiwa na nani?” Kwao Buganda lubugo huvishwa mfalme, ndiyo, lakini pia ndilo wanalozikia. Alikula, ila mkono ulikuwa mzito. Mama Nyumba, kama wakwe zako ni Waganda, uliza kwanza.

Mzee wa Jinja
Krismasi Waganda wanaiita Ssekukkulu, neno ni letu hilo la Kiswahili, sikukuu. Zamani tulisokota karatasi za chooni, nyeupe na za waridi, tukazipitisha darini kona kwa kona. Kadi kwenye uzi, puto, na tawi la saipresi ndani ya debe la mchanga. Basi. Mwaka mmoja umeme ulikatika, mtu akawasha mshumaa chini ya zile karatasi. Nilizima moto kwa jagi la sharubati ya pasheni, na hatukuwa na jagi la pili.

Mama Nyumba, Kampala
Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Zile bapa nitapangia nanasi na tikiti. Nanunua za kina 16, mbili za akiba. Mishumaa itakaa ndani ya glasi, mbali na karatasi. Kuhusu lubugo nimempigia mama mkwe. Amesema niache kabisa, atakuja na vitambaa vyake vya kufuma, vya waridi, alivyofuma kabla mume wangu hajazaliwa. Sasa Mama Pacha, hivyo navikataaje?

Mama Pacha, Bombo
Huvikatai. Unapiga pasi.