Naomba ushauri: nimbane vipi muuza pikipiki wakati huu biashara imelala?

Wakuu, habari za mchana. Nina milioni 2.8 taslimu, jasho la kuendesha boda ya mkataba, hesabu ya kumpelekea mwenye boda 10,000 kila siku, iwe mvua iwe jua. Sasa nataka Boxer 150 mpya, kadi isome jina langu.

Jana nimezunguka maduka matatu Kariakoo. Wote wanalia wateja hakuna, pikipiki zimepangwa mpaka barazani zinakula vumbi, ila ukitaja punguzo wanakaza. Mmoja alianzia milioni 3.2, akashuka laki moja tu, tena usajili na bima juu yangu. Nilipogeuka kuondoka akaniita, "Bosi njoo tuongee." Sikurudi, nikaona aibu. Najua nilizingua hapo.

Nirudi kwake, au nimwache hadi mwisho wa mwezi akisaka hela ya kodi ya fremu? Au niache kubishania bei, nikomae anipe usajili, helmeti mbili na sevisi ya kwanza? Ya mtumba msinishauri, niliwahi kuuziwa yenye injini iliyokwisha funguliwa.

Mliowahi kuuza madukani, semeni ukweli: huwa mnashuka mpaka wapi?