Tupeane uzoefu: muziki wa Explosions in the Sky ulikukuta wapi, na ulikufanya nini?

Mdau wa Tandika
Wakuu habari za usiku. Jumamosi nilikuwa kwenye send-off moja Sinza, mpiga video akawa anaonyesha picha za maharusi kwa projekta, nyuma kaweka magitaa tu, haimbi mtu. Nikasisimka mwili mzima maana niliutambua pale pale, Your Hand in Mine. Watu wanaendelea kula, mimi machozi yananilenga.

Kwa wasiowajua, ni jamaa wanne wa Austin, Texas, wameanza 1999. Wale watatu wa magitaa wametoka Midland, mji wa mafuta huko huko Texas, na mpiga dramu Chris Hrasky alitokea Illinois, akabandika tangazo duka la muziki kwamba anatafuta bendi ya roki yenye huzuni na ushindi. Huzuni na ushindi kwa pamoja! Ukiwasikiliza unaona kweli alichokitafuta alikipata. Jina lenyewe lilikuja usiku wa tarehe 4 Julai mwaka huo huo, wanatoka kurekodi wakakuta fataki za sikukuu ya uhuru zinalipuka angani. Mpaka leo hawana mwimbaji.

Haya, leteni za kwenu.

Kibo10
Hiyo nyimbo isiwekwe kwenye harusi jamani. Tutakwisha.

Mzee wa Msondo
Wanangu mimi muziki bila mwimbaji bado haujaniingia. Sisi tumekua na NUTA Jazz tangu 1964 mpaka ikaja kuwa Msondo, mwimbaji anakupa kisa kwanza, mke kaondoka, rafiki kasaliti, ndipo magitaa yanapokea na ukumbi mzima unainuka. Hao wanaanza na sebene kabla hawajasema tatizo ni nini?

Fundi Vyombo
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote hiyo sio sebene. Sebene inazunguka ili watu wacheze, hii inapanda. Anaanza mmoja na gitaa dogo kabisa, la pili linakuja kujaza zile nafasi alizoacha mwenzake, wanatumia dilei kwa hiyo kila noti inajirudia nyuma yake, la tatu linaingia wanapiga ule upigaji wa kutetemesha, waya mmoja unachapwa harakaharaka mpaka unasikia kama sauti ndefu moja, dramu nayo inakuja kwa mwendo wa gwaride. Unafika dakika ya saba hivi vyote vinafumuka kwa pamoja. Halafu wanashuka tena mpaka kimya. Mimi napiga gitaa kanisani na nimejifunza kunyamaza kwa hawa watu, maana kila gitaa hapo linasubiri zamu yake.

Mzee wa Msondo
Marahaba mwanangu. Lakini Mlimani Park magitaa yao si yalikuwa yanajibizana hivyo hivyo? Solo, solo la pili, rithimu, kila mmoja na njia yake na hawagongani.

Fundi Vyombo
Hapo mzee umenena. Hapo nakubali kabisa.

Temeke Finest
Nyie wote mnazungusha. Muziki wa kulala huu, dakika kumi gitaa ting ting ting.

Kibo10
Hujafika dakika ya saba wewe, unaruka nyimbo kama unatafuta stesheni.

Binti Suna
Nilikuwa nasoma tu kimyakimya ila ngoja niseme, maana hili jina likitajwa moyo wangu unarudi sehemu moja.

Sisi tulikuwa tunakaa Suna, bondeni, ile Disemba 2011 ya mafuriko ya Dar mnaikumbuka. Kaka yangu alikuwa na kibanda cha kujaza watu nyimbo kwenye memori kadi na alipenda muziki wa filamu, ndio akaniwekea kwenye simu yangu ya tochi huo wa Friday Night Lights, mimi hata sikujua ni bendi. Usiku maji yakaja, sio ya kupanda taratibu, yaliingia na mlango. Tukapandishwa juu ya bati la jirani, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume, kaka akarudi chini kumtoa bibi mmoja nyumba ya pili. Giza, hakuna umeme mtaa mzima, unasikia maji tu na watu wanaitana majina. Mdogo wangu akaanza kulia kile kilio kisicho na pumzi. Nikawasha simu ikiwa ndani ya nailoni la mkate nikambana nayo sikioni. Akaniuliza, mbona haimbi? Nikamwambia subiri ataimba. Akawa anasubiri. Anasubiri, analia kidogo kidogo, mpaka akanyamaza akisubiri mtu aimbe.

Mama akasema zima hiyo nasikiliza kama kaka yenu anaita. Nikazima. Hapo ndipo palikuwa pabaya kuliko kote, kile kimya, tukasikia ukuta unaanguka upande ule aliokwenda na hatujui wa nyumba gani. Sijui tulikaa muda gani hivyo. Baadaye ikaja sauti yake, yuko juu ya mwembe na yule bibi. Mama alipiga ukelele sijawahi kuusikia tena. Alfajiri ikatufikia boti.

Tukahamia Mabwepande, maisha yakaendelea. Miaka mingi baadaye ndio namtafuta huyo mwenye muziki mtandaoni, nakutana na kava ya albamu yao ya 2007, All of a Sudden I Miss Everyone. Mtu yuko ndani ya boti, kashika taa, mji umejaa maji. Nilifunga simu nikatoka nje.

Kibo10
Dada yangu pole sana. Sina neno.

Temeke Finest
Simu kwenye mvua ile ikapiga muziki? Hii chai.

Mama Wawili Mbagala
Wewe kijana hujawahi kukaa bondeni, kaa kimya. Sisi tulitoka na godoro kichwani.

Binti Suna
Nimesema ilikuwa ndani ya nailoni. Na haikufika alfajiri, chaji iliisha. Sina haja ya kumdanganya mtu kwa jambo lile.

Fundi Vyombo
Temeke muombe radhi dada.

Temeke Finest
Nimeelewa. Samahani dada.

Mdau wa Tandika
Binti Suna asante kwa kutuambia. Filamu hiyo ya 2004 inahusu timu ya shule ya Odessa, jirani kabisa na Midland walikokulia hao jamaa, kwa hiyo walikuwa wanapigia vumbi la kwao. Labda ndio maana inashika hivyo.

Dereva wa Tunduma
Mimi wananisindikiza barabarani ila nashauri usiwapige ukiwa mlima Kitonga, ile inayofumuka unakanyaga mafuta bila kujijua.

Chuo Ubungo
Kwa mtu mgeni aanze na albamu ya 2003, nyimbo tano tu, asiruke hata moja. Nasomea hizo, hakuna maneno ya kukuvuruga.

Mama Wawili Mbagala
Usisomee hizo mwanangu, utaishia kumuwaza mtu. Aanze na End ya 2023, hiyo wanakukamata mapema.

Kibo10
Ya 2001 je? Ile karatasi yake ina ndege na maneno kwamba ndege hii itaanguka kesho, imetoka siku chache tu kabla ya Septemba 11. Watu wakawazushia mengi wakati ilishachapwa kitambo.

Mzee wa Msondo
Binti Suna, mjukuu wangu kaniwekea hiyo ya 2003 kwenye sabufa. Nimeisikiliza yote. Huo wa mwisho kanirudishia tena.

Chuo Ubungo
Mzee huo wa mwisho ndio Your Hand in Mine wenyewe!

Dereva wa Tunduma
Anayejua duka la eafoni nzuri Kariakoo anielekeze, za kwangu upande mmoja umekufa na hawa watu ukisikia gitaa moja hujasikia kitu.